Koti la Akina Run

Sebule ya fundi cherehani ilikatwa katikati na kamba moja, iliyotoka kwenye nondo ya dirisha hadi kwenye msumari wa kalenda. Juu ya kamba hiyo zilitundikwa nguo zilizokwisha kushonwa, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe, kimebanwa kwa pini kwenye ukosi. Mwenyewe alipobisha hodi, fundi aliuliza jina, akaangalia kikaratasi, akatoa nguo. Asiyeandikwa hakupewa hata kama alilia. Aliyeandikwa hakunyimwa hata kama alichelewa mwaka mzima. Hivyo ndivyo fundi alivyolinda jina lake mtaani, na hakuna nguo iliyowahi kupotea.

Fundi alikuwa na binti mmoja, ambaye watu wote walimwita Kitufe kwa sababu alipokuwa mdogo alimeza kitufe cha shati la mteja, na kwa kadiri wanavyojua hakijatoka mpaka leo. Kitufe alifanya kazi dirishani kwenye ofisi ya maji. Alikuwa kibarua. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu ambao mabomba yao hayatoi maji, na kwa kuwa mabomba ya mji mzima hayakutoa maji, alikuwa na mengi ya kusikiliza. Pia alifagia, alichemsha chai, alibadilisha balbu, na Meneja alipopoteza miwani yake yeye ndiye aliyeitwa.

Mwaka huo ofisi ilitangaza nafasi moja ya mpokezi wa kudumu. Kitufe aliitaka kwa sababu ya macho ya mama yake. Fundi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa amefikia hatua ya kutia uzi kwenye sindano kwa kubahatisha. Wafanyakazi wa kudumu walitibiwa, wao na wazazi wao. Vibarua walipewa kalenda.

Usaili ungefanyika kwa Kiingereza. Hakuna mtu aliyewahi kuja dirishani kuulizia maji kwa Kiingereza, lakini tangazo lilisema hivyo, na lilikuwa na muhuri.

Basi Kitufe akaanza kujifunza. Alikata vikaratasi, akaandika neno moja kwenye kila kikaratasi, akataka kuvibandika mahali ambapo angeviona akiwa anakunywa chai. Ukuta wa nyumba ile haukushika pini wala gundi. Ulimwagika unga ukiugusa tu. Mahali pekee palipofaa palikuwa kwenye kamba. Akavibana kwenye nguo ambazo wenyewe walihama mji au walifariki, ili asichanganye na za wateja.

Maneno yakaanza kuja kuchukua nguo.

Neno la Kiingereza la mwavuli lilikuja kwanza, asubuhi, likajitambulisha, likapewa sketi. Neno la Alhamisi lilikuja Alhamisi, likachukua blauzi, likaaga vizuri. Mama aliyahudumia yote bila maneno mengi. Majina yao yalikuwa kwenye nguo, na yeye hakuwa na kawaida ya kumuuliza mteja anatoka wapi.

Kisha Kitufe akabana neno "run" kwenye koti.

Lilikuwa koti la kijivu, zuri, la mteja aliyehama na kuacha deni la shukrani tu. Kesho yake, kabla chai haijachemka, ikasikika hodi.

"Karibu," Mama akasema, mguu ukiwa bado kwenye pedali.

Akaingia kijana mwembamba mwenye viatu vya raba, anahema. "Shikamoo mama. Nimefuata koti."

"Marahaba. Jina?"

"Run."

"Kitufe, soma."

Kitufe akasoma kikaratasi. Ndivyo kilivyosema. Kijana akajaribu koti, likamkaa kama ameshonewa. Alikuwa hajafunga kifungo cha mwisho, hodi nyingine ikapigwa. Aliingia mzee mwenye leso, pua yake inachuruzika.

"Nimefuata koti langu," akasema. "Naitwa Run."

"Koti limeshapata mwenyewe," Mama akasema.

"Huyo ni ndugu yangu. Yeye ni Run wa mbio. Mimi ni Run wa mafua."

Mama akamwambia kijana avue. Mzee akavaa. Koti likamkaa vilevile. Mama akapapasa mabega ya koti kwa vidole, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinaona kuliko macho, akakuta mshono umetulia. Alikuwa hajawahi kukutana na jambo hilo katika ushonaji, lakini hakuona pa kulalamika.

Kufikia mchana walikuwa wengi. Alikuja Run wa kuendesha kampuni, mnene, ambaye alivaa koti, akajitazama kwenye kioo, kisha akaitisha kikao. Alikuja Run wa kugombea uongozi, akashika mkono wa kila mtu, akashika na mkono wa cherehani. Alikuja Run wa rangi inayochuja, binti mpole sana, na Mama alimwomba kwa heshima asikae karibu na nguo nyeupe. Alikuja Run wa kuishiwa. Alipotia mguu jikoni sukari ikaisha, alipotia wa pili yakaisha majani ya chai. Wakamtolea kiti barazani, na yeye akaelewa. Inaelekea amezoea.

Wote walikuwa na jina moja na kikaratasi kilikuwa kimoja. Mama alifikiri kwa muda mrefu huku anabonyeza macho yake kwa kiganja.

"Aliyeandikwa hanyimwi," akasema mwishowe. "Mtavaa kwa zamu. Na asiye na zamu asiondoke, maana sitaki koti langu litangetange mitaani likitafuta mtu."

Hivyo wakabaki.

Shangazi, dada wa marehemu baba yake Kitufe, alikuja jioni kusalimia, akakuta viti vimejaa.

"Wifi, umefungua hoteli?"

"Ni wageni wa mtoto."

"Wote hawa ni nani?"

"Neno moja."

Shangazi akawahesabu kwa macho, akachoka. "Na Kiingereza kizima kina maneno mangapi kama hili?"

"Usiniulize mimi," Mama akasema. "Niliyenaye ndiye huyu."

"Wala halina herufi nyingi," Shangazi akasema baada ya kusoma kikaratasi. "Kafupi hivi. Kumbe vifupi ndivyo vinavyozaa." Akamtazama Run wa mafua, akampa leso yake mwenyewe, akavuta kigoda akakaa.

Wa mwisho alikuja siku iliyofuata. Alikuwa mama wa makamo, mnyamavu, miguu imelowa, ameacha alama za nyayo tangu barabarani. Alisema anaitwa Run, ni yule wa maji yanayotiririka, na kwamba hahitaji kuvaa koti kwa sababu angelilowesha. Amekuja kukaa na ndugu zake tu. Alipopita mlangoni mwa jikoni, bomba likakohoa. Lilitoa hewa, likatoa kutu, kisha likatoa maji.

"Kitufe," Mama akasema, "kichujio cha chai umekitundika kwenye bomba. Kitoe, kinalowa."

Majirani wakasikia sauti ya maji ikianguka kwenye sufuria. Ni sauti isiyofichika. Wakaja na ndoo. Mama akawapanga mstari kupitia sebuleni, chini ya kamba, na kila mtu aliinama ili ndoo isiguse nguo. Aliyeinama vibaya alirudishwa mwisho. Mgeni wa maji alikaa kwenye kigoda karibu na bomba, mikono mapajani, na alipokwenda kulala bomba lilijifunga lenyewe.

Kitufe alijifunza kutoka kwao wote. Run wa mbio alimfundisha huku akizunguka nyumba, na yeye alilazimika kumfuata. Run wa kampuni alimfundisha akiwa ameketi, akamtaka aandike muhtasari. Run wa kugombea aliahidi kumfundisha. Wakati wa kupiga pasi, Kitufe aliwatazama wakibadilishana koti lile, huyu anavua, yule anaingiza mkono, na moyo ukamlainika. Neno dogo kiasi hicho limebebeshwa kazi zote hizo, na labda hakuna aliyewahi kuliuliza kama limekula. Akaongeza maji kwenye uji.

"Hamgombani?" aliwauliza.

"Tunagombana," mzee wa mafua akasema. "Lakini tukiitwa tunaitika wote. Mwenye kuita ndiye ajue anamtaka nani."

Siku ya usaili waligoma kubaki nyumbani. Walisema wamekula chakula chake, wamelala kwenye mikeka yake, hawezi kwenda peke yake kama mtu asiye na kwao. Mama naye alikubaliana nao. Kwa hiyo Kitufe aliingia chumba cha mikutano cha ofisi ya maji akifuatwa na ukoo wote, isipokuwa Run wa kuishiwa, ambaye alisubiri nje kwa hiari yake.

Mezani alikaa Meneja na Afisa Utumishi, mwanamke mwenye kalamu tatu.

"Mmekuja wangapi?" Afisa Utumishi akauliza.

"Mimi mmoja. Hawa ni wa neno moja."

"Wakae kwenye benchi. Wasichangie mada."

Wakakaa. Katika kona ya chumba kulikuwa na sinki ya kunawia mikono, ambayo ndani yake ofisi iliweka ua la plastiki, kwa kuwa haikuwa na matumizi mengine. Mgeni wa maji alikaa mwisho wa benchi, upande wa mbali na sinki, ili asionekane anajipendekeza.

Meneja akamwambia Kitufe aeleze, kwa Kiingereza, kazi anayoifanya. Kitufe akavuta pumzi. Akasema yeye ndiye anayeliendesha dirisha lile tangu asubuhi hadi jioni. Run wa kampuni akainuka kidogo na kukaa, kama mtu anayetambulishwa kikaoni. Akasema hukimbia kutoka dirishani hadi kwenye birika na kurudi. Akasema hufanya kazi hata pua yake ikichuruzika, maana kibarua haugui. Akasema mihuri ya ofisi huchuja wino ikilowa jasho la mikono yake. Mmoja baada ya mwingine waliinuka na kukaa. Kiingereza kilitoka kinywani mwake kizima kizima, wala hakikukwama popote. Afisa Utumishi alikuwa akiweka alama za vema, na alibadilisha kalamu kwa sababu ya kwanza ilichoka.

Mwishowe Kitufe akasema kwamba kwa muda wote aliokaa dirishani, bado hajapata siku ya kumwambia mtu yeyote kwamba maji yanatiririka.

Pale mwisho wa benchi mgeni wa maji akasimama, kwa kuwa ametajwa. Sinki ikakohoa. Ua la plastiki likaanza kuelea, likazunguka mara kadhaa, likavuka ukingo, likaanguka sakafuni.

Meneja akaliokota, akaliweka juu ya meza. Kwa mara ya kwanza tangu usaili uanze akazungumza Kiswahili.

"Huyu mama anakaa wapi?"

"Kwetu."

"Nyumba gani hiyo?"

"Ya fundi cherehani, nyuma ya duka la rangi."

"Na majirani wanachota?"

"Wanachota."

Meneja akamwangalia Afisa Utumishi. Afisa Utumishi akatazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Umefaulu, binti," Meneja akasema. "Nafasi ni yako, tena nimefurahi. Kuna kitu kidogo tu. Mimi kwangu nina bustani. Majani yale nimeyapanda mwenyewe kwa mikono yangu, na yanakufa. Huyu mama ahamie kwangu. Chumba kipo, kina kitanda."

"Na watu wa dirishani?"

"Wale tutawapangia ratiba."

Alimpa hadi kesho yake afikirie, ingawa alisema haoni cha kufikiria.

Nyumbani Kitufe alieleza yote, sebule ikiwa imejaa watu na ndoo. Mgeni wa maji alisikiliza, kisha akasema kwamba yeye hana neno. Anakwenda anakoelekezwa, ndiyo tabia yake. Run wa kampuni akasema ni mpango mzuri sana na akashangaa hakuufikiria yeye. Run wa kugombea akaahidi kuunga mkono pande zote mbili.

"Mama, unasemaje?" Kitufe akauliza.

Mama alikuwa anatafuta tundu la sindano. Alilitafuta juu, akalitafuta chini. Run wa rangi alinyoosha mkono kumsaidia, akakumbuka kwamba kitambaa ni cheupe, akaurudisha.

"Kazi ni yako," Mama akasema. "Na wageni ni wako, wewe ndiye uliyebana lile neno. Ila nakuomba kitu kimoja. Macho yangu usiyatie kwenye hesabu."

"Nitayaachaje, mama? Ndiyo yaliyonipeleka kule."

"Najua. Basi yatie, lakini usiyape uzito wote. Hata nikiona vizuri, nitakuwa naona nini? Naona hawa wote wamerudi na ndoo tupu."

"Wifi, acha maneno makubwa," Shangazi akasema. "Wewe unataka kuona."

"Nataka," Mama akasema. "Nataka sana."

Mstari wa ndoo ulisogea. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinama vizuri kabisa chini ya kamba, ndoo haikugusa hata pindo, naye Mama, aliyesikia jinsi alivyopita, akamwambia ahsante. Kitufe alimtazama yule mwanamke akijaza, akajitwika, akatoka. Halafu akaichukua sindano mkononi mwa mama yake, akatia uzi, akafunga fundo.

Kesho yake alimwambia Meneja kwamba mgeni hatahama.

Meneja hakukasirika. Alisema Kiingereza chake ni kizuri mno, ila kwenye alama za mwisho imeonekana ana tatizo la uelewa. Nafasi ingetangazwa tena mwakani. Kwa sasa aendelee dirishani kama kibarua, na akitoka awaambie wachemshe chai. Kisha akakumbuka kwamba anayechemsha chai ni yeye Kitufe, akamwambia mwenyewe moja kwa moja.

Juma lile lile ofisi iligundua kwamba nyumba ya fundi inatoa maji bila mita.

Fundi wa mita alikuja na boksi lake la spana. Alikuwa mtu mwenye adabu, alivua viatu mlangoni. Alilichunguza bomba, akalifuata hadi ukutani, akafuata ukuta hadi nje, akachimba kidogo, akakuta bomba kuu limekauka kama kuni. Akarudi ndani, akafuata nyayo za maji sakafuni, zikamfikisha kwa mgeni aliyeketi kwenye kigoda.

"Shikamoo mama. Ni wewe?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Naomba mkono."

Mgeni akampa mkono wa kushoto. Fundi akaupima, akachagua mita ndogo kuliko zote alizokuwa nazo, akaifunga kwenye kifundo na kukaza nati.

"Inabana?"

"Kidogo."

"Itazoea," fundi akasema, na haikueleweka kama anazungumzia mita au mgeni. Run wa kugombea akaahidi kulifikisha suala hilo mbele. Majirani waliokuwa kwenye mstari wakaangalia namba za kwenye mita zikianza kuzunguka, kisha wakaendelea kuchota, kwa kuwa chakula kilikuwa jikoni na watoto walikuwa hawajaoga. Mama akamkaribisha fundi chai. Akanywa, akasifu, akaenda zake.

Siku chache baadaye, Kitufe akiwa dirishani na mstari umefika hadi kwenye ngazi, aliona mkono anaoujua ukishika ukingo wa dirisha. Ulikuwa na alama za sindano kwenye ncha za vidole. Mama alikuwa amepanga mstari tangu asubuhi kama watu wengine, ameshikwa bega na Run wa mbio, ambaye siku hiyo alitembea polepole kuliko wote.

"Ni wewe uliyeko hapo ndani?" Mama akauliza, akiusogeza uso karibu na nondo.

"Ni mimi, mama."

"Nilidhani wamebadilisha. Naona kivuli tu." Akajiweka sawa, kwa sababu alikuwa amekuja kiofisi. "Nina shida. Ile mita imemvimbisha mgeni mkono. Halalamiki, lakini jana hakuweza kushika kijiko. Nimekuja kuomba ilegezwe."

"Anayelegeza ni fundi, na anayemtuma fundi ni Meneja."

"Na Meneja anasemaje?"

"Amekwenda kumwagilia majani yake. Ofisi imempelekea maji kwa gari."

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepimiwa kitambaa kikatoka pungufu. "Sasa mimi nikasikilizwe wapi?"

"Hapa, mama. Ni hapa."

"Na wewe ungekuwa ndiye mwenye uwezo?"

"Ningekuja leo."

"Haya," Mama akasema. "Basi nimeshasikilizwa." Akapapasa ukingo wa dirisha hadi akaupata mkono wa binti yake, akaubonyeza mara moja, akageuka. Run wa mbio akampokea.

Nyuma yake alikuwa amesimama mzee mmoja na bomba lake mkononi, amelifungua kabisa kutoka ukutani kwake, likiwa bado na kipande cha plasta, ili asije akaambiwa arudi nyumbani kuleta ushahidi. Alilipitisha kwenye nondo. Kitufe akalipokea kwa mikono miwili, akalipuliza vumbi, akalisogeza sikioni, akasikiliza.